Pikapu iliyokula chumvi: dalili za kusoma kabla hujalipa

Nilipokwenda kuiona pikapu yangu ya kwanza niliikuta inanguruma. "Nimekuwashia mapema, kaka, nisikupotezee muda," muuzaji akasema, nami nikaona huo ni uungwana. Nikaizunguka, nikapiga tairi teke kama nilivyoona wengine wakifanya, nikaiendesha kidogo, nikalipa. Kesho yake alfajiri nilisaga stata mpaka betri ikaisha. Ilipokubali hatimaye, kwa kusukumwa na vijana wanne, ilitoa moshi mweupe uliomfanya jirani atoke nje kuuliza kinachoungua.

Fundi aliniuliza swali moja tu. "Siku unainunua, injini ilikuwa ya baridi au ya moto?" Nikamwambia ya moto. Akacheka kidogo, akaenda kutafuta spana.

Nilichojifunza kwa gharama ile ni hiki: karibu kila dalili ya gari kuukuu ina kisababishi cha bei rahisi na kingine cha bei ya kuumiza, na vyote viwili vinaweza kutoa sauti ileile au moshi uleule. Muuzaji, hata akiwa mkweli, atakutajia kile cha bei rahisi. "Hiyo ni plagi tu." "Hizo ni bushi." Huenda ni kweli. Kazi yako si kubishana naye bali kujua jaribio dogo litakalovitenganisha.

Nenda mchana, si jioni, na usikague wakati wa mvua kwa sababu maji huficha mikwaruzo ya rangi na matone ya oili. Beba tochi, bisibisi ya zamani, nyundo ndogo, tepu ya kupimia, kitambaa cheupe, kipande cha kartoni na nguo za kulalia chini. Mwambie muuzaji kabla ya siku yenyewe kwamba unataka kuikuta injini ikiwa baridi. Ukifika, salimiana naye, halafu gusa rejeta kwa nje na eksozi kwa tahadhari. Vikiwa vya moto, uliza kwa nini, na kama una subira rudi kesho.

Pengo kati ya kebini na bodi halilingani

Naanza na chasisi, si injini. Injini hununuliwa nyingine ikafungwa. Chasisi ikioza au ikipinda, umenunua kebini na tairi nne.

Simama pembeni mwa gari, hatua kama tano, utazame mwanya ulioko kati ya kebini na bodi ya mizigo. Unatakiwa uwe sawa juu na chini. Ukiwa mpana juu na mwembamba chini, au kinyume chake, au upande wa kushoto haufanani na wa kulia, kuna mambo mawili. La kwanza ni mipira ya kebini, ile inayokaa kati yake na chasisi: imekufa, kebini imeinama. Hilo linarekebishika. La pili ni chasisi iliyopinda kwa kubebeshwa kuliko uwezo wake, au iliyoanza kukatika nyuma ya kebini. Kutenganisha ni kulala chini. Mipira iliyokufa utaiona kwa macho: imepasuka, imebanwa ikawa kama chapati. Ikiwa mizima na pengo bado haliko sawa, weka jicho lako usawa wa reli ya chasisi utazame kwa urefu wake wote kama mtu anayepima ubao. Reli nyingi zina mikunjo ya kiwandani juu ya ekseli, kwa hiyo usishtuke ukiona mkunjo. Linganisha kushoto na kulia. Mkunjo ulio upande mmoja tu hautoki kiwandani.

Dalili nyingine ya jamii hii: gari likienda mbele, ukilitazama kwa nyuma, linaonekana kutembea upande kama kaa. Mwambie mtu aliendeshe taratibu kwenye ardhi yenye unyevu uone kama alama za tairi za nyuma zinafuata za mbele. Zisipofuata, pima kwa tepu kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi la nyuma, kila upande. Vipimo vikitofautiana, angalia boliti ya katikati ya springi za nyuma. Ikikatika, ekseli husogea juu ya springi, nayo ni boliti ndogo tu. Ikiwa iko salama, basi springi zimefungwa vibaya au chasisi si nyoofu, na hapo mimi huwa nashukuru, naaga.

Kutu sasa. Ile ya rangi ya chungwa iliyo juu juu haina neno. Inayotisha ni ile inayobanduka kwa matabaka. Gonga chasisi kwa nyundo, mahali hadi mahali, kuanzia mbele kwenda nyuma. Chuma kizima hulia "ti!" na nyundo hurudi. Chuma kilichooza hutoa sauti ya bubu, "pu," na vumbi jekundu humwagika ndani ya reli. Hapo chomeka bisibisi. Ikiingia, mazungumzo ya bei yamekwisha. Sehemu za kusumbua zaidi ni juu ya ekseli ya nyuma, kuzunguka vishikio vya springi, nyuma ya magurudumu ya mbele, na upande wa chini wa reli zilizofungwa kama boksi, kwa sababu matope huingia humo yakakaa na unyevu wake. Magari yaliyoishi karibu na bahari au kwenye nchi zinazomwaga chumvi barabarani wakati wa baridi huoza kutokea ndani, huku nje yakimeremeta.

Msidhani jina kubwa linakinga. Nchini Marekani Toyota ililazimika, kuanzia 2008, kushughulikia pikapu zake za Tacoma za miaka ya 1995 na kuendelea kwa sababu ya chasisi zilizooza. Nyingine zilibadilishiwa chasisi nzima, nyingine zilinunuliwa tena na kampuni. Huko Uingereza Nissan Navara ya toleo la D40 inajulikana kwa chasisi kukatika nyuma ya kebini kwa kutu. Kwa hiyo ukikutana na rangi nyeusi mbichi chini ya gari la miaka 20, usiifurahie. Mtu hapaki rangi mahali pasipoonekana bila sababu. Sababu inaweza kuwa nzuri, ila nyundo ndiyo itakayosema.

Tazama pia machomeleo. Ya kiwandani yananyooka na kufanana kushoto na kulia. Ya gereji yana mabonge. Chasisi iliyochomelewa si lazima uikimbie, lakini angalia namna: bamba refu lililozungushiwa chomeleo na kushika pande zote mbili za ufa ni kazi ya mtu anayejua, mstari mmoja uliokata reli wima kama kovu ni ahadi ya kukatika tena palepale. Mahali pa kutafuta nyufa ni kwenye vishikio vya springi na pale boksi la usukani linapofungwa kwenye reli.

Ukiwa chini hapohapo, soma namba ya chasisi iliyogongwa kwenye reli, mara nyingi karibu na gurudumu la mbele, uilinganishe na kibati cha utambulisho na kadi ya gari. Herufi zilizopinda, mahali palipopigwa msasa, au namba isiyokubaliana na karatasi: usiendelee, hata bei ikiwa ya bure.

Haiwaki vizuri ikiwa baridi

Hapa ndipo nilipoumia, kwa hiyo mniwie radhi nikikaa kidogo.

Kwa dizeli, jambo la kwanza ni kusikiliza stata yenyewe. Ikizunguka kwa uvivu, shida ni betri, nyaya au stata, na bado hujajua lolote kuhusu injini. Tafuta betri nzima kwanza. Ikizunguka kwa kasi na injini haishiki, tazama eksozi. Moshi mweupe ukitoka huku stata ikisaga, maana yake mafuta yanafika kwenye silinda lakini hayaungui. Kusipotoka moshi wowote, mafuta hayafiki: hewa imeingia kwenye mpira wa mafuta, filta imeziba, vali ya kuzimia imekwama, au pampu.

Mafuta yakifika yasiungue, vita ni kati ya plagi za kupasha joto na mgandamizo wa silinda. Plagi hununulika. Mgandamizo ukipungua ni kushusha injini. Namna ya kutenganisha: mwenye plagi mbovu akishawaka, hutoa moshi kwa dakika moja hivi, kisha hutulia, na ukimzima ukamwasha tena anaitikia mara moja. Mwenye mgandamizo hafifu hata akipata moto bado ni mlegevu, hana nguvu mlimani, na anapumulia tumboni.

Kupumulia tumboni ni nini? Injini ikiwa inanguruma na imepata moto, fungua kifuniko cha kujazia oili, ukigeuze, ukilaze juu ya tundu bila kukifunga. Kikitikisika kidogo, sawa. Kikirukaruka na kuanguka, na moshi ukatoka pu, pu, pu kama mtu anayevuta kiko, basi gesi ya mlipuko inapenya ringi za pistoni na kushuka kwenye oili. Muuzaji mmoja aliwahi kuniambia eti dizeli zote ziko hivyo. Za zamani hupumua kiasi, ni kweli. Hazipigi chafya.

Kinyume chake, pikapu inayowaka vizuri ikiwa baridi ikagoma ikiwa moto ni ugonjwa mwingine. Kwenye dizeli za pampu ya mzunguko, mara nyingi pampu imechakaa ndani: mafuta yakipata joto huwa mepesi na kuvuja yasipate shinikizo la kutosha. Kwenye komon reli, yaani dizeli za kisasa ambazo injekta zote hulishwa na bomba moja la presha kubwa, shuku injekta zinazorudisha mafuta mengi mno. Njia zote mbili ni ghali. Kwa petroli, gari linalogoma likiwa moto laweza kuwa na koili au sensa ya kranki iliyochoka, na hilo ni afueni.

Moshi

Iache injini ingurume bila kukanyagwa dakika tano, kisha kanyaga ghafla huku mwenzako akitazama nyuma. Rangi ya moshi kila mtu anaijua. Cha kuangalia ni wakati unaotoka.

Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Ukitoka kidogo tu asubuhi unapowasha kisha ukaisha, ni sili za valvu zilizokakamaa: oili imedondokea silinda usiku. Ukitoka baada ya kushuka mteremko mrefu kwa gia bila kukanyaga, halafu ukakanyaga, bado ni upande wa valvu. Ukitoka kila unapovuta mzigo, ni ringi, na kile kifuniko cha oili kitakuwa kimeshakuambia. Kama kuna turbo, ongeza mshukiwa wa tatu: fungua mpira wa hewa unaoingia kwenye turbo, shika ncha ya shafti kwa vidole, injini ikiwa imezimwa na kupoa. Kucheza kidogo sana upande kwa upande hukubalika. Kucheza mbele na nyuma, au mapanga yaliyosugua ganda, ni turbo mpya.

Moshi mweusi ni mafuta mengi kuliko hewa. Anza na filta ya hewa, ambayo ni kuitoa tu uone. Kisha mpira uliopasuka kati ya turbo na injini. Kisha injekta zinazotiririka badala ya kunyunyiza. Na kuna lile wasilolisema: pampu imefunguliwa makusudi ili gari livute zaidi. Kama kifunga cha kiwandani kwenye skrubu ya pampu kimekatwa, gari hilo limefanyishwa kazi ya lori.

Moshi mweupe ukiwa unachoma macho, ni dizeli mbichi. Ukiwa na harufu tamu tamu na hauishi hata injini ikipata moto, ni maji ya rejeta yanaungua ndani, na sehemu inayofuata inakuhusu. Mvuke wa asubuhi ya baridi unaotoweka baada ya dakika chache hauna kosa.

Inachemsha, au haichemshi kabisa

Kabla ya kuwasha, injini ikiwa baridi, fungua kifuniko cha rejeta. Ikiwa moto usikiguse hata kwa kitambaa. Maji yawe juu, yawe na rangi ya kulanti, ile dawa ya rejeta. Maji ya kahawia kama chai ni kutu, kwa hiyo njia za ndani zimeziba kwa sehemu. Utando wa oili juu ni habari mbaya. Chomoa pia kijiti cha kupimia oili ukipangusie kitambaa cheupe: oili ya dizeli huwa nyeusi, usiikatae kwa weusi wake, ila ikiwa na rangi ya maziwa, maji yameingia.

Sasa washa injini, kifuniko kikiwa wazi. Mapovu machache mwanzoni ni hewa iliyonaswa. Mapovu yanayoendelea kutoka mfululizo, hasa ukikanyaga, ni gesi ya silinda ikipita kwenye gasketi au kwenye ufa wa hedi. Funga kifuniko, ubane mpira wa juu wa rejeta kwa mkono. Ukikakamaa ndani ya dakika moja, kabla maji hayajapata joto, hiyo si presha ya joto. Toyota 2L-T, dizeli ndogo ya turbo ya zamani, imejijengea jina baya kwa hedi kupasuka. Ukikutana nayo jaribio hili usiliruke.

Asilimia kubwa ya wanunuzi huangalia tu kama mshale wa joto unapanda sana. Mimi huogopa zaidi usiopanda. Ukiendesha dakika 20 na mshale ukabaki chini kabisa, kuna uwezekano mtu ametoa thamostati, vali inayozuia maji yasizunguke kwenye rejeta mpaka injini ipate joto. Kwa nini mtu atoe thamostati? Kwa sababu gari lilikuwa linachemsha na hakutaka, au hakuweza, kutafuta chanzo. Ukijaribu kwa nusu saa halitachemsha. Litachemsha siku ya mzigo na mlima.

Kwa mantiki hiyohiyo, geuza ufunguo bila kuwasha, uhesabu taa za dashibodi. Ya oili, ya chaji, ya injini kama ipo, zote ziwake kisha zizimike gari likishawaka. Taa isiyowaka kabisa si taa nzima. Imetolewa balbu au waya wake umekatwa, na aliyeikata alikuwa amechoka kuiona.

Injini inagonga

Sauti nyepesi, ya haraka, "tik tik tik" kutoka juu, mara nyingi ni nafasi ya valvu na hurekebishwa. Sauti nzito inayotoka chini na kuongezeka unapoipa mzigo ni beringi za kranki. Weka ncha ya bisibisi ndefu kwenye chuma cha injini na mpini sikioni, mbali na mikanda na feni, utasikia inatoka wapi. Kwenye dizeli za zamani fundi hulegeza bomba la injekta moja moja: mlio wa kugonga ukibadilika, ameipata silinda. Usimruhusu mtu yeyote kufanya hivyo kwenye komon reli, maana presha yake hupita baa 1,000 na mafuta yanaweza kupenya ngozi.

Mlio wa minyororo mbele ya injini, hasa sekunde za kwanza, ni cheni ya taiming, inayozifungua valvu kwa wakati wake, iliyolegea. Toyota 22R, petroli ya pikapu nyingi za miaka ya 1980, hupoteza vibanio vya plastiki vinavyoiongoza cheni, na cheni ikaanza kula kifuniko chake mpaka itoboe njia ya maji. Nissan YD25 nayo inasemwa kwa cheni zake. Mkanda, unaofanya kazi ya cheni kwenye injini nyingine, haulii. Mitsubishi 4D56 ya L200 ina miwili, wa taiming na wa shafti za mizani, na huo mdogo ukikatika waweza kumvuta mkubwa. Muuzaji akisema umebadilishwa lakini hana risiti wala kibandiko chenye kilomita, hesabu kwamba haujabadilishwa na ukate gharama yake kwenye bei.

Hilux za dizeli ya lita 3.0 aina ya 1KD-FTV zina la kwao. Vibati vya kuzibia chini ya injekta vikivuja, masizi hushuka kwenye oili, huganda, huziba chujio la pampu ya oili. Dalili yake ni taa ya oili inayochelewa kuzimika asubuhi. Kwenye gari hilo, taa ikichelewa usiwashe tena kujaribu. Zima, uliza kama sampu, bakuli la oili chini ya injini, imewahi kufunguliwa.

Giaboksi, klachi na kinachofuata nyuma

Gia zikikwaruza zote, pamoja na rivasi, kosa si la giaboksi: klachi haiachii, na huenda ni silinda yake tu. Ikikwaruza ya pili peke yake unapopandisha haraka, sinkro ya gia hiyo, ringi inayoilainisha kuingia, imeisha. Gia inayochomoka yenyewe unapoachia mafuta kwenye mteremko ni kufungua giaboksi. Ijaribu kila moja, mkono ukiwa nje ya kijiti.

Klachi inayoteleza: vuta handibreki vizuri, ingiza gia ya tatu, kanyaga mafuta kidogo, achia klachi taratibu. Injini ife. Ikiendelea kunguruma kana kwamba hakuna kilichotokea, klachi imeisha au haina nafasi ya kucheza. Fanya mara moja tu, gari si lako.

Kuna mlio wa "kong" unapobadili kutoka mbele kwenda nyuma. Muuzaji atasema krosi, kile kiungo cha propela shafti. Zima, zuia magurudumu kwa mawe, weka nyutro, shika propela shafti uizungushe mbele na nyuma. Krosi mbovu huonekana: upande mmoja unacheza mwingine umetulia. Shafti nzima ikizunguka sana kabla difu, boksi la gia kwenye ekseli ya nyuma, haijaitikia, meno ya difu yamekula.

Mvumo unaopanda na mwendo una washukiwa watatu. Ukibadilika unapokanyaga na kuachia mafuta, ni difu. Ukibadilika unapoyumbisha usukani kushoto na kulia, ni beringi ya gurudumu. Ukibadilika barabara ikibadilika, ni tairi za matope, endelea na safari. Fungua pia boliti ya kujazia oili ya difu uingize kidole: kuna watu hutia oili nzito kupita kiasi au hata unga wa mbao ili mvumo unyamaze mpaka uuze.

Kama ni ya kuvuta magurudumu manne, iingize kwenye udongo au mchanga, ya juu na ya chini, mbele na nyuma. Usiijaribu kwenye lami kavu huku unakata kona. Mifumo ya kuunganisha kwa muda hujifunga na kuumia. Isiposhika, kabla hujalaumu boksi la kugawa nguvu, chungulia chini. Nimewahi kuonyeshwa pikapu ya "fobaifo" ambayo propela shafti ya mbele haikuwepo kabisa. Ilikuwa imetolewa ikapotea, na kijiti ndani kinaingia vizuri sana.

Usukani, springi, breki

Piga jeki gurudumu la mbele, weka stendi. Litikise kwa kushika juu na chini. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki, utikise tena. Kucheza kukiisha, ni beringi. Kukibaki, ni boljointi. Kisha shika kushoto na kulia: hapo ni tairodi au boksi la usukani, na mwenzako akiyumbisha usukani kidogo kidogo utaona kiungo kipi kinachelewa.

Springi za nyuma zinasimulia historia ya kazi kuliko mwenye gari. Jani lililoongezwa, lenye kutu tofauti na mengine, ni tani zilizobebwa. Springi iliyonyooka kama rula wakati gari ni tupu imechoka, nayo hununulika, lakini rudi tena kwenye chasisi ukatazame nyufa.

Ndani ya magurudumu ya nyuma angalia michirizi. Ikiwa inanuka kama kiberiti ni oili ya difu inayopita kwenye sili, na imelowesha viatu vya breki. Ikiwa haina harufu hiyo na ni laini, ni silinda ya breki. Kwenye pikapu nyingi kuna kivali kidogo karibu na ekseli ya nyuma chenye kijiti, kinachopima mzigo na kugawa nguvu ya breki. Kikiwa kimeganda au kijiti kimefungwa kwa waya, gari tupu hufunga magurudumu ya nyuma kwenye utelezi.

Kilomita chache mno

Odomita hurudishwa, hilo si jipya. Linganisha na raba ya pedeli ya klachi, mshono wa kiti cha dereva, ung'aavu wa usukani, na mikwaruzo ya bodi. Tairi zina namba nne za tarehe pembeni: 2318 ni wiki ya 23 ya mwaka 2018. Mikanda ya usalama huwa na kibandiko chenye mwaka, na kama ni wa zamani kuliko gari au mpya kuliko vioo, uliza ajali ilikuwa lini. Kwa umeme sitakuchosha: washa kila swichi, tazama kama betri inachajiwa, tafuta nyaya zilizofungwa kwa tepu ya nyumbani chini ya dashibodi.

Mwisho wa mzunguko

Ukimaliza kuendesha, walau nusu saa na mlima mmoja ukipatikana, egesha mahali pakavu, tandaza kartoni chini ya injini na giaboksi, uzime. Subiri dakika kumi, ongea na muuzaji mambo mengine. Washa tena, kwa sababu hapo ndipo pampu iliyochoka inapojifichua. Halafu sogeza gari mita tatu, uinue kartoni. Kijani au waridi ni rejeta, nyeusi ni injini, kahawia yenye uvundo ni giaboksi au difu, nyekundu ni pawa ya usukani au giaboksi ya otomatiki. Tone moja au mawili kwa gari la umri huo nakubali. Kartoni ikiwa kavu kabisa na sehemu ya chini ya injini imeoshwa mpaka inang'aa, mwombe akuachie gari mpaka kesho, urudi na kartoni nyingine.